Nafasi ya Kupishana

Wajukuu zangu, kunjeni mkono, mpime kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni dhiraa moja. Wazee walipimia kitambaa, walipimia mbao, na njia pia ilipimwa hivyo hivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliamua kwamba watu wakizozana juu ya upana wa njia, ziachwe dhiraa saba, yaani mita 3 na ushee. Wanazuoni wakaeleza sababu yake: mizigo inayoingia na inayotoka ipate kupita.

Miaka mingi baadaye, wahandisi wanaopanga njia za waenda kwa miguu kwenye mitaa ya makazi bado wanaanzia hapo hapo. Wanajiuliza: wawili wakikutana, watapitaje?

Twende Ujerumani, maana mwongozo wao wa barabara za mijini wa mwaka 2006 una hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mtu mmoja anayetembea anapewa sentimita 80. Anayekuja mbele yake, 80 nyingine. Katikati yao sentimita 20, mabega yasigongane. Jumla 180. Lakini hakuna anayetembea huku akikwaruza ukuta wa nyumba, kwa hiyo upande huo zinaongezwa 20. Na upande wa magari? Huko zinaongezwa 50, kwa sababu kioo cha pembeni cha lori hutokeza nje, na mtoto akiteleza asiangukie kwenye magurudumu. Jumlisheni sasa: mita 2 na nusu. Kila sentimita ina mwenyewe.

Nanyi mmo ndani ya hesabu hiyo. Sheria ya huko inamtaka mtoto ambaye hajatimiza miaka minane aendeshe baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, si barabarani, isipokuwa pakiwa na njia ya baiskeli iliyotengwa kabisa na magari. Mnaona basi kwa nini njia nyembamba haifai: bibi na kapu lake, mama na kigari cha mtoto, na ninyi na kengele zenu!

Marekani wamekwenda kwa njia nyingine. Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na bodi yao inayoshughulikia haki ya watu wenye ulemavu kufika kila mahali unataka angalau sentimita 122 zilizo wazi, ili kiti cha magurudumu kipite. Lakini viti viwili vikikutana hapo, havipishani. Ndiyo maana wameongeza sharti: njia ikiwa na upana usiofika sentimita 152, basi kila baada ya mita 61 kuwe na mahali pa kupishania, sentimita 152 kwa 152. Mimi hilo silipendi. Mtu asilazimike kurudi nyuma mita 30 kwa sababu jirani yake naye ametoka kununua mkate. Mtaani watu wanakaa, wanasalimiana, wanatembea wawili wawili. Hesabu ya Ujerumani ina utu zaidi.

Kuna neno moja katika kanuni ya Marekani ambalo nalipenda sana, nalo ni hilo "zilizo wazi". Halihesabiwi eneo lililokaliwa na nguzo ya umeme, wala mti, wala kibao cha matangazo. Hapa kwetu tungeongeza bodaboda zilizoegeshwa, meza ya genge, rundo la mchanga wa mwenye kujenga, na mfuniko wa mtaro uliovunjika. Njia inaweza kuwa na mita 2 kwenye mchoro, na mwenye fimbo nyeupe akashindwa kupita.

Kwa hiyo mkichukua futi mkapime njia ya mtaa wenu, msipime kutoka ukuta hadi ukingo wa barabara. Tafuteni mahali palipobanwa kuliko pote, penye nguzo au penye genge, mpime nafasi iliyobaki. Hicho ndicho kipimo cha kwenda kumwonyesha mwenyekiti wa mtaa.