Anasomea kompyuta, lakini ipi?

Mkulima wa Mabanga haingii dukani akaitisha mbegu ya "mahindi" tu. Huitaja kwa nambari yake. Ajua kwamba H614 hustawi nyanda za juu kama Kitale na huchukua miezi mingi kukomaa, ilhali H513 hufaa nyanda za wastani na hukomaa mapema. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, anapouza fahali ili mwanawe aende chuo kikuu, huridhika kuambiwa kwamba mtoto "anasomea kompyuta".

Kompyuta ipi? Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa. Ng'ambo ya Malaba, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985. Kufikia 2005 taasisi hiyo ilikuwa imekua ikawa kitivo, nacho kikawa na idara nne: sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na mitandao. Kwetu Bungoma, Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichotunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, kina skuli nzima ya kompyuta na infomatiki, na sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari ni shahada mbili mbalimbali.

Mgawanyo huu una sababu. Tuchukue chama cha ushirika cha maziwa. Mtaalamu wa sayansi ya kompyuta hubuni na kuandika programu ya kukokotoa malipo ya wafugaji. Taaluma yake yategemea mno hisabati. Wa mifumo ya habari huchunguza jinsi maziwa yanavyopimwa na kulipiwa, ndipo aamue ni taarifa zipi zihifadhiwe na nani azione. Wa teknolojia ya habari huweka mitambo, huitunza na kuwasaidia makarani wanaoitumia. Wa mitandao huhakikisha kwamba kituo cha kijijini kinawasiliana na ofisi ya mjini kwa usalama. Mipaka yao huingiliana, lakini maandalizi yao hayafanani.

Hata hivyo, majina ya shahada hizi hutangazwa kwa Kiingereza, na yakifika kijijini yote huwa neno moja: kompyuta. Neno hilo hilo hutumiwa pia kwa mafunzo ya kupiga chapa yanayotolewa katika vibanda vya mjini. Ndiyo maana jirani huuliza kwa nini wako asome miaka minne kitu ambacho wake alikimaliza kwa miezi mitatu. Hasara kubwa zaidi humpata kijana asiyependa hisabati, ambaye huchagua sayansi ya kompyuta kwa kudhani ni matumizi ya mashine tu. Anapogundua kosa lake, karo imekwisha kulipwa.

Napendekeza kwamba kila idara inayoanzisha programu mpya itoe maelezo yake kwa Kiswahili kabla watahiniwa wa KCSE hawajachagua kozi: kinachosomwa ni nini, hisabati inayohitajika ni ya kiasi gani, na kazi inayolengwa ni ipi. Wapo watakaodai kwamba lugha yetu haina istilahi za kutosha. Hao wakumbuke kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Aidha, Katiba ya Kenya ya 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Maelezo hayo yatazifaa hata idara zenyewe. Idara isiyoweza kumfafanulia mkulima wa Mabanga tofauti ya shahada zake mbili kwa sentensi chache, yafaa ijiulize kama tofauti hiyo ipo au ni jina jipya tu lililobandikwa juu ya masomo yale yale. Mfuko wa mbegu huandikwa mbegu hiyo ni ya nyanda zipi. Shahada nayo ielezwe vivyo hivyo, kabla fahali hajauzwa.