Mwanamke na Vipuri vya Baiskeli ya Mbio

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, baiskeli ya mbio za barabarani imeundwa kwa kufuata mwili wa mwanaume wa kimo cha wastani, na mwanamke aliyetaka kuipanda alilazimika kujinyoosha au kujikunja kadiri chuma kilivyotaka. Mwaka 1985 Georgena Terry, mhandisi wa mitambo wa Marekani, alianzisha kampuni iliyouza baiskeli zenye gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma, kwa kuwa gurudumu dogo liliwezesha kutengeneza fremu fupi bila ncha ya kiatu kugusa tairi wakati wa kukata kona. Watengenezaji kadhaa waliofuata walichagua njia nyepesi zaidi, yaani kubadili rangi na kuandika kwamba baiskeli ni ya wanawake, na ndiyo maana mnunuzi makini huuliza milimita kabla ya kusoma maandishi ya fremu.

Kipuri cha kwanza kupimwa ni siti. Uzito wa mtu aliyeketi hubebwa na ncha mbili za chini za mfupa wa nyonga, na umbali kati ya ncha hizo kwa wanawake, kwa wastani, ni mkubwa kuliko kwa wanaume, ingawa tofauti kati ya mwanamke mmoja na mwingine nayo si ndogo. Siti ikiwa nyembamba, ncha hizo huning'inia nje na mzigo wote huangukia sehemu laini za siri, ambako ganzi, uvimbe na vidonda huanzia. Kipimo chake hakihitaji mtambo: mpandaji huketi juu ya kipande cha boksi gumu lililowekwa kwenye kiti kisicho na mto, huinama mbele kidogo, kisha hupima umbali kati ya vitovu vya mabonyeo mawili yanayobaki. Unene wa sponji, ambao wauzaji wengi huutanguliza, haufidii upana uliokosewa. Sponji nene hudidimia chini ya mifupa na kubinuka katikati, palepale pasipostahili kubanwa.

Kipuri kinachosahauliwa zaidi ni krenki, yaani mkono wa chuma unaobeba pedali. Mwanamke mfupi akibadili krenki ya milimita 172.5 kwa ya milimita 165, siti hupandishwa kwa milimita 7.5 ili mguu unyooke kama awali pedali inapofika chini, na pedali inapofika juu goti hubaki chini zaidi kwa takribani milimita 15 likilinganishwa na nyonga, hivyo paja haligongi tumbo na goti halikunjwi kupita kiasi.

Usukani hupimwa kwa mabega. Mnamo Juni 2025 Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli (UCI) lilitangaza kwamba kuanzia 2026 usukani wa mbio za barabarani usipungue milimita 400 kutoka ukingo hadi ukingo, na waendeshaji wanawake wakalalamika, kwa haki kabisa, kwamba kanuni iliyotolewa kwa jina la usalama iliwasahau wenye mabega membamba. Mkono wa breki nao husogezwa karibu na usukani kwa skurubu ndogo iliyo kwenye breki nyingi za kisasa, ili vidole vifupi viufikie, ila fundi anapaswa kuhakikisha baada ya hapo kwamba gurudumu linasimama kabla mkono huo haujagusa usukani.

Kuhusu gia, Kigali ilitoa mfano wa wazi mnamo Septemba 2025, ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika: wanawake walikimbia kilomita 164.6 zenye kupanda kwa jumla ya mita zipatazo 3,350, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akaibuka bingwa. Kwa mpandaji wa kawaida kwenye vilima vya namna hiyo, sahani ya mbele yenye meno 39 na ya nyuma yenye meno 28 humsogeza takribani mita 2.9 kwa kila mzunguko wa pedali, ilhali meno 34 mbele na 34 nyuma humsogeza mita 2.1, jambo linalomwezesha kuzungusha kwa wepesi badala ya kusukuma kwa magoti. Kabla ya kununua kaseti, yaani seti ya sahani za nyuma, yenye meno mengi hivyo, fundi huangalia kama kibadilisha gia cha nyuma kinaweza kuihimili, kwa kuwa chenye mkono mfupi hushindwa kuikaza cheni ndefu zaidi inayohitajika.