Donge la Mapafu: Alama Sita za Kumpima Aliye Hatarini

Mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki iliyopita, au mtu aliyelazwa kwa kuvunjika paja, ghafla anahema kwa shida na kichomi kinambana. Mjini Ifakara, Tanzania, cha kwanza kushukiwa huwa nimonia au kifua kikuu. Lakini huenda ni donge la damu: limeganda kwenye mshipa wa mguu, likamomonyoka, likapitia moyoni na kwenda kuziba mshipa wa mapafu.

Donge likishathibitishwa, linabaki swali zito. Nani apewe dawa arudi kwake Mlimba au Malinyi, na nani asibanduke wodini?

Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na David Jiménez wa Hispania walifupisha kipimo cha awali cha kukadiria hatari ya kufa, chenye vigezo 11, wakabakiza sita: umri unaozidi miaka 80, saratani, ugonjwa sugu wa moyo au mapafu, mapigo ya moyo 110 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha isiyofika 100, na oksijeni chini ya asilimia 90. Kila kigezo ni alama moja. Miongoni mwa waliopata sifuri, alifariki takriban mtu 1 katika 100 ndani ya siku 30. Waliopata moja au zaidi, karibu 11.

Kipimo hiki hakihitaji mtambo wa mamilioni. Nesi wa zamu ya usiku katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko akiwa na saa, mashine ya presha na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, akauliza na historia ya mgonjwa, hesabu imekwisha.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho kilijaribiwa hasa kwa wagonjwa wa Ulaya, wengi wao wazee. Ifakara ina kliniki ya magonjwa sugu inayohudumia watu wenye VVU tangu katikati ya miaka ya 2000. VVU na kifua kikuu huchangia damu kuganda, ila havina alama hata moja. Mkulima wa mpunga wa miaka 30 mwenye vyote viwili anaweza kuandikiwa sifuri! Tena rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya wafarini na rivaroksabani, dawa zilezile za kuzuia damu isigande.

Ndiyo maana ultrasaundi ya moyo ina faida: upande wa kulia ukionekana umetanuka, moyo umeelemewa, hata kama presha bado ni nzuri. Wafarini nayo hudai damu ipimwe mara kwa mara, hivyo mgonjwa lazima aweze kurudi hospitalini. Daraja la mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 limeondoa adha ya kivuko, lakini masika barabara za bondeni bado husumbua, na anayekaa mbali ana sababu ya kuongezewa siku kitandani.