Kwa Nini Usafi wa Ziwa Victoria Hukwama Ofisini

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Karibu nusu yake iko Tanzania, zaidi kidogo ya asilimia 40 iko Uganda, na Kenya ina asilimia 6. Bonde linalolilisha maji ni kubwa zaidi, kwani Mto Kagera huanzia katika milima ya Rwanda na Burundi. Hivyo serikali tano zina sehemu katika afya ya ziwa moja, na ndani ya kila serikali kazi hiyo imegawanywa tena kwa wizara, mamlaka, bodi na halmashauri. Sheria za kulinda maji zipo katika nchi zote. Kinachokosekana mara nyingi ni mtumishi mwenye boti, mafuta, vifaa vya kuchukulia sampuli na mamlaka ya kuchukua hatua siku ileile anapoona majitaka yakimwagika ziwani.

Uchafu wenye wenyewe wengi

Tatizo kuu la ziwa ni rutuba iliyozidi. Naitrojeni na fosforasi zikiwa nyingi majini hulisha mwani na gugumaji. Mwani unapokufa na kuoza hutumia oksijeni, na samaki hukosa hewa. Umbo la ziwa huongeza tatizo hilo. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke badala ya kutoka kwa Mto Nile pale Jinja. Mvuke hauchukui uchafu, kwa hiyo kilichoingia ziwani hukaa humo kwa muda mrefu.

Rutuba hiyo huingia kwa njia tatu. Sehemu kubwa huletwa na upepo na mvua, ikiwa ni vumbi la ardhi iliyoachwa wazi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Sehemu nyingine huja na udongo unaosombwa na mito kama Nyando, Nzoia, Simiyu, Mara na Kagera. Ya tatu ni majitaka ya miji na viwanda. Ukilipima ziwa zima, sehemu ya majitaka ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini majitaka hujikusanya katika ghuba zenye kina kifupi, na hizo ndizo ghuba ambazo miji huchota maji ya kunywa na wavuvi huegesha mitumbwi.

Hapa ndipo urasimu unapoanzia. Moto wa mashamba ni jambo la wizara ya kilimo na serikali za vijiji. Udongo wa mito unahusu kilimo, misitu na bodi za mabonde. Majitaka yako chini ya mamlaka za maji, manispaa na taasisi za mazingira, na samaki wanaokufa ni wa idara ya uvuvi. Kila ofisi inaweza kuonyesha kwa haki kabisa kwamba chanzo cha tatizo kiko nje ya mipaka yake.

Bomba moja, vibali viwili

Kisumu, mji wa Kenya kwenye Ghuba ya Winam, ni mfano wa jinsi madaraka yalivyogawanyika. Wakala wa kitaifa wa kuendeleza kazi za maji katika kanda hiyo ndio hujenga mitambo mikubwa ya majitaka. Kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, huiendesha na kukusanya ankara. Kaunti ndiyo yenye wajibu wa kikatiba wa huduma za maji na usafi, na mdhibiti wa taifa, WASREB, hutoa leseni ya huduma na kuidhinisha bei. Kisha bomba linapomwaga maji yaliyosafishwa, ofisi mbili huwa na kauli juu yake: mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa sheria ya mazingira, na mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, kwa sheria ya maji. Kila moja ina kibali chake, ada yake na wakaguzi wake.

Kwa mwendeshaji wa mtambo, hali hii ina maana ya fomu mbili na ada mbili kwa bomba moja. Kwa mwananchi anayelalamika, ina maana ya kutojua aanzie mlango upi. Mtambo ukiharibika, kampuni inayouendesha huenda isiwe na fedha za kununua pampu mpya, na wakala uliojenga huenda usiwe na fungu la matengenezo. Wakati barua zinakwenda na kurudi, majitaka hayasubiri.

Upande wa Tanzania, kiwanda cha Mwanza hukutana na taasisi ya taifa ya mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, mamlaka ya maji ya jiji na halmashauri. Uganda nayo ilipata fundisho lake katika maeneo oevu ya Nakivubo. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya Kampala hadi Ghuba ya Murchison, si mbali na mitambo ya Ggaba inayochota maji ya kunywa ya jiji hilohilo. Maeneo oevu yaliyokuwa yakichuja maji hayo kabla hayajafika ziwani yalivamiwa na mashamba na nyumba. Katiba ya 1995 iliyaweka maeneo oevu chini ya dhamana ya serikali, lakini ofisi za ardhi ziliendelea kutoa hati za kumiliki viwanja ndani yake. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua kuwa hati za aina hiyo zilizotolewa baada ya 1995 zifutwe. Kufuta hati ni kazi ndefu kuliko kuitoa, maana kila mwenye hati ana haki ya kusikilizwa, na wengi hukimbilia mahakamani.

Safari ya sampuli moja

Uhaba wa watumishi huonekana vizuri zaidi katika kazi ya kupima maji. Sheria haitazami rangi wala harufu peke yake, inadai kipimo. Kipimo kinachotumika sana huitwa BOD, nacho hueleza kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia katika kuozesha uchafu. Viwango vya Kenya na Tanzania huruhusu hadi miligramu 30 kwa lita katika maji yanayomwagwa kwenye mazingira.

Ili kipimo hicho kisimame mahakamani, sampuli lazima ichukuliwe na mkaguzi anayetambuliwa kisheria, ifungwe na kuandikwa vizuri, iwekwe kwenye baridi na kufikishwa katika maabara iliyoidhinishwa. Jaribio lenyewe huchukua siku 5. Baada ya hapo huja cheti cha uchambuzi, ripoti ya mkaguzi, notisi kwa mhusika, muda wa kujitetea, na pengine rufaa. Hakuna hatua isiyo na sababu, kwa kuwa kila moja inamlinda mtu asihukumiwe kwa kubahatisha.

Shida huja pale mkaguzi mmoja anapokuwa na wilaya kadhaa, gari la kugawana na wenzake na mgawo wa mafuta unaokwisha kabla ya mwezi. Malalamiko ya Jumatatu yakishughulikiwa Ijumaa, mto umekwisha kupitisha maji mengine. Kiwanda kinachomwaga usiku au wakati wa mvua kubwa kinajua hilo. Sampuli ya mara moja kwa robo mwaka, tena iliyotangazwa mapema, hupima zaidi maandalizi ya kiwanda kuliko mwenendo wake wa kila siku.

Ajira nazo zina mlolongo wake. Taasisi ya umma haiajiri kwa sababu tu kazi imezidi. Nafasi lazima iwe kwenye ikama, kibali cha ajira kitoke serikali kuu, fungu la mshahara liwepo, ndipo tangazo litoke na usaili ufanyike. Mkemia au fundi wa maabara akistaafu au akihamia kampuni binafsi yenye mshahara mnono, kiti chake kinaweza kukaa kitupu kwa muda mrefu. Mashine ya kupimia hubaki imefunikwa, ama kwa kukosa mtu wa kuiendesha, ama kwa kukosa kemikali ambazo nazo hupitia zabuni.

Miradi yenye mwisho, uchafu usio na mwisho

Fedha kubwa za kusafisha ziwa zimekuja kwa njia ya miradi. Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria, unaojulikana kwa kifupi LVEMP, ulianza 1997 kwa takriban dola milioni 77 na kufikia mwisho 2005. Awamu ya pili iliidhinishwa 2009 kwa mikopo ya Benki ya Dunia ya dola milioni 90 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, kisha Rwanda na Burundi zikaingia. Miradi hiyo ilinunua vifaa, ikafundisha wataalamu na kutoa sehemu kubwa ya takwimu zinazotumika hadi leo.

Lakini mradi una tarehe ya kufungwa. Watumishi wa mkataba huondoka, marupurupu ya kwenda ziwani hukoma, na boti hurudi kwa idara ambayo haikutengewa mafuta yake. Kati ya awamu hizo mbili kulikuwa na pengo la zaidi ya miaka mitatu. Upimaji wa maji una thamani unapofanywa pale pale, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka. Ukikatika, mtaalamu hawezi kusema kwa uhakika kama hali imekuwa bora au mbaya, na mchafuzi hupata nafasi ya kudai kwamba maji yalikuwa hivyo tangu zamani.

Somo la gugumaji

Gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini, liliripotiwa katika ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika hali nzuri linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, kasi ambayo mchakato wa zabuni hauwezi kuifikia. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika hekta zipatazo 20,000, likafunga bandari, mialo na vyanzo vya maji. Katikati ya miaka ya 1990 wadudu aina ya mbawakavu wanaokula mmea huo walianza kuachiwa Uganda, kisha Kenya na Tanzania. Wadudu hao, wakisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño, walipunguza gugu kwa kiasi kikubwa katika miaka michache. Tangu hapo limekuwa likirudi kila mvua kubwa zinapoleta rutuba, hasa Winam.

Upande wa Kenya, haraka ilileta mgogoro. LVEMP iligharimia mashine za kukatakata gugu na kuliacha lizame. Mwaka 1999 shirika moja la Nakuru, kwa niaba ya wakazi wa ufukweni, lilipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, likihofia kwamba mabaki yanayooza yangeharibu maji na kwamba athari hazikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Jopo lilifanya uchunguzi. Tukio hilo linaonyesha kwamba si kila utaratibu ni kikwazo. Tathmini ya athari kwa mazingira inachukua muda, lakini inawapa wakazi nafasi ya kuuliza maswali kabla ya hasara kutokea. Panapokuwa na wataalamu wa kutosha, tathmini hiyo inaweza kufanyika mapema, kabla dharura haijafika.

Samaki walipofungiwa soko

Ziwa hilohilo lina ushahidi kwamba ofisi zinaweza kufanya kazi kwa kasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti, mara ya mwisho 1999 kutokana na habari za uvuvi wa sumu. Sharti mojawapo la kufungua soko lilikuwa kila nchi iwe na mamlaka moja yenye kuwajibika kwa ukaguzi wa samaki wa kuuza nje. Madaraka yaliyokuwa yametawanyika yakakusanywa chini ya idara za uvuvi, wakaguzi wakapewa mafunzo, mialo ikatengenezwa na utaratibu wa kupima sumu ukawekwa. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudishiwa soko.

Watumishi walikuwa walewale wa umma, na serikali zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mambo matatu: mhusika alikuwa mmoja, kipimo kilikuwa wazi, na kushindwa kulikuwa na gharama iliyoonekana mara moja katika mapato ya fedha za kigeni. Maji ya ghuba yakichafuka, gharama hubebwa na mama anayechota ndoo, mvuvi anayekwenda mbali zaidi na mtambo wa maji unaoongeza kemikali. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za ofisi yoyote.

Vyombo vya pamoja na kinachowezekana

Ushirikiano wa kikanda una vyombo viwili vikuu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa kwa mkataba wa 1994 na makao yake yako Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, ilitokana na itifaki ya 2003 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotambua pia kanuni ya mchafuzi kulipa. Vyombo hivi huratibu, hufanya utafiti na kupendekeza viwango vya pamoja. Kumtoza mtu faini au kufunga bomba hubaki mikononi mwa kila nchi, na bajeti za vyombo hivi hutegemea michango ya wanachama na wafadhili.

Kwa hiyo marekebisho yenye uzito huanzia katika ofisi za kitaifa. Vibali vya kumwaga maji vikiunganishwa kuwa kimoja, anayewajibika hujulikana na wakaguzi wa ofisi mbili huweza kugawana maeneo badala ya kufuatana. Sehemu ya ada na faini ikiachiwa upimaji, mafuta ya boti hayategemei mfadhili. Vikundi vya usimamizi wa mialo, yaani BMU, viko ziwani kila siku. Vikifundishwa kuchukua vipimo vya awali, mkaguzi mmoja hujua pa kwenda kwanza, ingawa sampuli ya mahakamani itabaki kuwa kazi yake. Matokeo yakibandikwa hadharani kwa kila bomba na kila mwezi, wakazi huweza kudai hatua wakiwa na namba mkononi. Na kila mradi mpya unapojadiliwa, hesabu ya mishahara, kemikali na matengenezo baada ya mradi kufungwa inapaswa kuwekwa mezani kabla ya mkataba kutiwa saini, kwa sababu vifaa vilivyonunuliwa havina kazi bila mtu wa kuvitumia.