Mazoezi ya Nyumbani: Nusu Saa na Nafasi ya Mkeka Vyatosha Kuanza

Mkaazi wa Mtongwe anayefanya kazi kisiwani hutoka nyumbani jua halijachomoza, akapanga foleni ya feri Likoni, na jioni akarudi kwa njia hiyo hiyo. Wa Bamburi humaliza muda wake ndani ya matatu. Wa Magongo hukwama nyuma ya malori yanayoelekea bandarini. Mtu kama huyu akishauriwa ajiunge na jimu apunguze uzito, jibu lake lajulikana: wakati hana, na pesa pia hana. Kwa wanawake wengi kuna sababu ya tatu, nayo ni sitara. Kukimbia barabarani huku kila kijiwe kikimtolea macho si jambo analolitaka mama wa watu.

Sababu zote tatu ni za kweli, na hakuna haja ya kumlaumu mtu kwazo. Lakini hakuna hata moja inayozuia mazoezi ya ndani ya nyumba. Nafasi ya kutandika mkeka mmoja, kiti kisichoyumba na ukuta vinatosha.

Suala lenyewe si la urembo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 17.5, na kwa wanawake asilimia 38.5, yaani zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watatu. Uzito huo huandamana na presha, kisukari na kiharusi, magonjwa ambayo hayapigi hodi. Wengi hugundua wana presha siku wanapopelekwa hospitali kwa jambo jingine kabisa.

Hapa Pwani pana ugumu wa ziada, nao ni ulimi. Bibi harusi akinenepa baada ya ndoa, majirani husema ndoa imemkubali. Kijana akipungua, mama yake huulizwa kama mtoto ni mgonjwa au hali chakula. Mwili mnene umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya raha na kutunzwa vyema. Maneno hayo husemwa kwa mapenzi, lakini mishipa ya damu haiyasikii.

Basi mtu atajuaje kama amepita kiasi? Kipimo kinachotumika katika vituo vya afya ni uzito kwa kilo, ugawanywe kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Chukua mfano wa mama mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 80 ukigawanya kwa 2.56 unapata 31 na kidogo. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Mama huyu amevuka mpaka wa mwisho.

Asiyependa hesabu achukue tepu ya fundi wa nguo, ajipime kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Hatari huanza kuongezeka kwa mwanamke anapofika sentimita 80 na kwa mwanamume sentimita 94. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi kwa sababu huzunguka viungo vya ndani, ini likiwa mojawapo. Ndiyo maana mwanamume mwenye miguu myembamba na kitambi anaweza kuwa hatarini kuliko jirani yake aliyenenepa mwili mzima.

Sasa ukweli ambao wauzaji wa njia za mkato hawausemi: mazoezi peke yake hupunguza kilo polepole sana. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa huunguza kalori kama 120 hadi 150. Soda moja ya mililita 300 ina karibu kalori 130, ambazo ni takriban vijiko vinane vya chai vya sukari. Nusu saa ya jasho imelipia chupa moja tu. Na kwa kuwa kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori zipatazo 7,700, mtu anayetegemea nusu saa hiyo tu, bila kubadilisha chakula, atahitaji takriban miezi miwili kupunguza kilo moja.

Mbona basi ajisumbue? Kwa sababu mizani haionyeshi yote. Anayepunguza chakula bila mazoezi hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ikipungua mwili hutumia nguvu kidogo, hivyo kilo hurudi upesi. Mazoezi huilinda misuli, hushusha presha na husaidia mwili kutumia sukari iliyo kwenye damu, hata kabla mizani haijasogea.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walitoka mitaa ileile na walilipwa mishahara isiyotofautiana sana, lakini madereva walipatwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Baadaye Morris alichunguza hata sare zao, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Dereva wa matatu, wa tukutuku au wa lori la makontena asomaye haya ajiangalie mshipi umefika tundu la ngapi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulifuata watu zaidi ya 3,200 waliokuwa wanakaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa dawa. Kwa mama yetu wa kilo 80, asilimia 7 ni chini ya kilo sita. Hatakuwa mwembamba. Majirani huenda wasione lolote. Kongosho lake litaona.

Dakika 150 kwa wiki ndicho pia kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Ni nusu saa kwa siku tano, na si lazima iwe kwa mkupuo mmoja. Dakika kumi baada ya alfajiri, kumi mchana na kumi usiku zinahesabika.

Anza kwa kutembea papo hapo ukiinua magoti, dakika tatu au nne, mpaka pumzi ianze kwenda mbio. Kisha simama mbele ya kiti, miguu ikiwa upana wa mabega, shuka kana kwamba unakaa, gusa kiti, inuka. Fanya mara kumi. Miguu na makalio ndiyo yenye misuli mikubwa kuliko yote, kwa hiyo zoezi hili dogo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Geukia ukuta: weka viganja usawa wa kifua, rudi nyuma hatua mbili, kunja viwiko ukiukaribia ukuta, jisukume urudi. Hizi ni pushapu za anayeanza. Zikizoeleka, tumia meza imara, na baadaye sakafu. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo chini, inua kiuno hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti, shusha taratibu. Malizia kwa kulalia viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 15 tu kwa kuanzia. Pumzika dakika moja, urudie mzunguko wote mara mbili au tatu.

Mwenye kutaka uzito wa kubeba asinunue chuma. Mtungi wa lita tano uliojaa maji ni kilo tano, na chupa ya lita moja ni kilo moja. Wakaazi wanaopandisha maji ghorofani mfereji ukikauka wanafanya mazoezi tayari, wala si haba. Wabadilishe mkono kila safari na wakunje magoti wanapoinua, badala ya kuinamia mgongo. Ngazi za ghorofa nazo zipandwe kwa makusudi. Wa ghorofani, hata hivyo, wakumbuke kuna mtu chini yao: kuruka kamba saa nne usiku ni ugomvi, si mazoezi.

Halafu kuna jambo ambalo Pwani imejaliwa. Chakacha ni mazoezi. Mwanamke anayezungusha kiuno nyimbo nne mfululizo, leso imefungwa nyongani na mlango umefungwa, amefanyisha kazi moyo, tumbo, nyonga na magoti kwa wakati mmoja, na kwa furaha ambayo hakuna mashine ya jimu inayoileta. Kipimo cha kasi ni rahisi: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiimba wimbo mzima bila kuhema, ongeza mwendo. Akina mama wanaokutana kwa vyama vya kuchangishana wanaweza kutenga dakika ishirini za chakacha kabla ya chai. Mazoezi ya pamoja hayaachwi upesi.

Joto ni adui wa kweli. Kuanzia Januari hadi Machi, nyumba ya mabati huwa tanuri kufikia saa tano asubuhi. Fanya mazoezi alfajiri au baada ya isha, fungua madirisha, kunywa maji kabla na baada. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kugonga, acha mara moja, kaa penye hewa na ujimwagie maji. Na hapa pana kosa linalorudiwa sana: jasho si mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji. Anayejifunga nailoni tumboni au kuvaa koti zito Mombasa hii hupungua kidogo kwenye mizani kwa saa chache, kisha akinywa maji uzito unarudi. Alichopata ni hatari ya kuzidiwa na joto.

Vivyo hivyo kwa wanaoamini kuwa kukunja tumbo mara mia kwa siku kutaondoa kitambi. Zoezi hilo huimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, lakini mwili hauchukui mafuta mahali unapotaka wewe. Hupungua mwili mzima, na tumbo hufuata. Chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitandaoni na stejini ni bora viachwe kabisa. Baadhi ni dawa za kuharisha tu, na mtumiaji hupoteza maji na chumvi huku mafuta yakibaki palepale.

Kuhusu chakula, hakuna anayeambiwa aache mahamri na mbaazi. Lakini kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na hamri, kiazi karai na bhajia hunywa mafuta wakati wa kukaangwa. Mahamri manne yakiwa mawili, sukari ya chai ikipungua kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, soda ya kila siku ikawa ya Ijumaa pekee, hapo nusu saa ya mazoezi itaanza kuonekana. Wali wa nazi upakuliwe robo ya sahani, robo nyingine samaki au maharagwe, na nusu iliyobaki mchicha, kachumbari au mboga yoyote. Mbaazi zenyewe ni chakula kizuri. Tui zito ndilo la kupimwa.

Wapo wanaopaswa kumwona mhudumu wa afya kabla ya kuanza: wenye ugonjwa wa moyo, wanaopata maumivu ya kifua au kukosa pumzi kwa kazi ndogo, wenye presha isiyotulia, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini, kwani mazoezi yanaweza kushusha sukari ghafla. Wajawazito wengi wanaruhusiwa kufanya mazoezi mepesi, ila wamuulize mkunga wao kliniki. Mwenye magoti mabovu aanze na mazoezi ya kukaa kitini na ya ukutani, kuruka asiruke. Maumivu ya kifua yakitokea katikati ya mazoezi, usisubiri yapite; nenda hospitali.

Kupimwa si kazi ngumu. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mizani, mashine ya presha na kipima sukari, nao hutembelea nyumba kwa nyumba. Akibisha hodi, mkaribishe na umwombe akupime. Vipimo vya presha na sukari hupatikana pia katika hospitali za Port Reitz na Likoni na katika kituo cha afya cha Mlaleo, Kisauni. Andika namba zako mahali usipopoteza, hata nyuma ya kalenda.

Ukishaanza, jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Anayepanda mizani kila siku hukata tamaa bure, maana uzito hupanda na kushuka kwa maji na chumvi tu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki nyingine mizani itagoma kabisa huku tepu ikionyesha kiuno kimepungua sentimita moja. Hiyo wiki haikupotea. Na ukikosa siku tatu kwa sababu ya harusi au mgeni, usingojee Jumatatu. Kiti bado kipo pale pale, anza na kumi.