Injini Moja Juu ya Msitu wa Tshopo

Mwanzoni mwa 2026, uwanja wa ndege wa Bangboka, mashariki mwa jiji la Kisangani nchini Kongo, ulishambuliwa kwa droni zilizobeba vilipuzi. Waasi wa AFC/M23 walitangaza kwamba ndio waliozituma, na wakuu wa mkoa wa Tshopo wakasema zilidunguliwa. Goma, mji ulio mikononi mwa waasi hao, uko kama kilomita 500 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, na kati ya miji hiyo miwili ni msitu na milima. Ukweli huo unafufua swali la zamani: nchi kubwa yenye mfuko mdogo ilinde anga yake kwa chombo gani?

Kwa zaidi ya miaka sitini, jibu la wabunifu wengi limekuwa ndege ndogo ya kivita yenye injini moja. Injini ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi katika kununua na kutunza ndege ya jeti. Ikiwa moja, vipuri hupungua, mafuta hupungua, na saa za mafundi chini ya ndege hupungua pia. Marekani yenyewe ilirudi kwenye wazo hilo miaka ya 1970, ilipoona ndege zake zinazidi kunenepa na bei zinapaa. Matokeo yake ni F-16, iliyoruka mara ya kwanza 1974 na ambayo bado inatengenezwa.

Kongo iliuona uwezo wa ndege ndogo mapema. Septemba 1961, mkoa wa Katanga ulipokuwa umejitenga, jeti moja ya mafunzo aina ya Fouga Magister, kidege cha tani tatu tu, ilivisumbua vikosi vya Umoja wa Mataifa kwa sababu haikuwa na mpinzani angani. Umoja wa Mataifa ulijibu kwa kuleta J 29 za Sweden na F-86 za Ethiopia, zote za injini moja. Anga ikiwa tupu, hata mdogo hutawala.

Lakini tufanye hesabu ya Bangboka. Uwanja uko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Mchana joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ile ya kipimo cha kawaida, yaani nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari. Bawa hupata kitu kidogo cha kuegemea, na injini hupata hewa kidogo ya kuchoma. Hasara hizo mbili zikiungana, ndege huhitaji umbali mrefu zaidi kwa karibu theluthi ili ipae na mzigo uleule. Njia ya kurukia ya Bangboka ina urefu wa mita 3,500, kwa hiyo hapo hakuna hofu. Hofu iko kwenye viwanja vifupi vya ndani, ambako rubani atalazimika kupunguza ama mabomu ama mafuta.

Na umbali nao unadai chake. Kwenda Goma na kurudi ni kilomita 1,000, kabla hata ya kuhesabu dakika za kuzunguka juu ya lengo. Ndege nyepesi hufanana na kijana wa toleka anayepeleka mzigo mbali kwa baiskeli: chakula na maji ya safari vikijaa kwenye kiti cha nyuma, mzigo wa mteja hauna pa kukaa. Matangi ya ziada chini ya mabawa hurefusha safari, lakini yanachukua nafasi ya silaha na kuongeza ukinzani wa hewa. Mafuta yenyewe lazima kwanza yafike Kisangani, ama kwa barabara mbovu, ama kwa mto kutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Halafu kuna lile ambalo rubani yeyote wa injini moja analijua: injini ikizima juu ya msitu wa Ituri, hakuna pa kutua. Kinachobaki ni kiti cha kujirushia nje.

Sehemu kubwa ya historia ya jeti ndogo katika nchi hii inazunguka injini moja ya Kiingereza, Viper. Kampuni ya Armstrong Siddeley iliibuni kwa ajili ya Jindivik, ndege ya Australia isiyo na rubani iliyotumika kama shabaha ya mazoezi. Kwa kuwa ndege hiyo ilitengenezwa ili idunguliwe, injini yake ilipangiwa kuishi saa chache tu. Hata mafuta yake ya kulainisha yalimwagwa nje baada ya kutumika mara moja. Baadaye wahandisi waliiimarisha, ikadumu, na ikawa moyo wa jeti nyepesi za nchi nyingi. Kenya ilikuwa nayo ndani ya Strikemaster zake. Kongo ya Mobutu iliipata ndani ya MB-326 za Italia, ilizoanza kuzinunua 1969. Na mwaka 1997, katika vita vya waasi wa AFDL dhidi ya Mobutu, Viper ilirudi tena, mara hii ndani ya Jastreb za Yugoslavia, zilizoletwa pamoja na mamluki wa Kiserbia. Hazikubadili mkondo wa vita. Kisangani iliangukia mikononi mwa AFDL tarehe 15 Machi 1997. Jeshi la ardhini lililokuwa halilipwi lilikuwa likikimbia, na hakuna ndege inayoweza kushika mji ambao askari wa miguu wameuacha.

Je, kuna ndege mpya ya aina hii inayokuja? Miradi ipo, tena mingi, ila ukiifungua mingi ndani utakuta tatizo lilelile: injini inayotoka kwa mwingine. FA-50 ya Korea Kusini, Tejas ya India na Hürjet ya Uturuki, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 2023, zote zinasukumwa na injini za familia ya F404 ya Marekani, yenye msukumo wa takriban kilonyutoni 80. JF-17, ambayo Pakistan na China wameiunda pamoja na Nigeria ikapokea tatu mwaka 2021, ilianza kwa injini ya Kirusi. Urusi nayo ilionyesha Checkmate ya kampuni ya Sukhoi kwa mbwembwe mwaka 2021, lakini hadi mwisho wa 2025 ilikuwa haijaacha ardhi.

India ndiyo mfano wa kujifunzia. Mradi wa Tejas ulianza 1983, ndege ikaruka Januari 2001, na kikosi cha kwanza kikaipokea 2016. Bodi, kompyuta na programu za kuiongoza Wahindi waliziweza. Kilichowashinda ni injini yao, Kaveri: ilikuwa nzito na msukumo wake haukutosha, wakaitenganisha na Tejas mwaka 2008. Miaka ya karibuni, injini zilipochelewa kutoka Marekani, ratiba nzima ya Tejas Mk1A ilirudi nyuma. Nchi ambayo chombo chake kilitua mwezini bado inasubiri injini ya ndege kutoka ng'ambo.

Ugumu uko kwenye mapanga ya turbini. Gesi inayoyapiga ina joto linalozidi kiwango ambacho chuma chenyewe kinayeyuka. Panga huokolewa na hewa inayopitishwa kwenye vitundu vyembamba ndani yake, na ngozi nyembamba ya kauri, na zaidi ya yote na aloi ya nikeli iliyokuzwa kama fuwele moja isiyo na kiungo. Ndani ya aloi za namna hiyo kuna kobalti, mara nyingi karibu asilimia 10, na tantalumu inayotoka kwenye koltani. Kongo inachimba zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na koltani ya Kivu Kaskazini ni sehemu ya sababu ya vita na M23. Mwaka 1978 mji wa migodi wa Kolwezi ulipovamiwa, bei ya kobalti iliruka kiasi kwamba shirika la NASA lilianzisha utafiti wa kutengeneza aloi zenye kobalti kidogo. Yaani tukio la siku chache huko Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, lilibadilisha ajenda ya maabara za Marekani.

Wakati huohuo, rubani ameanza kutoka ndani ya ndege. Kızılelma ya Uturuki, jeti ya injini moja isiyo na mtu, iliruka Desemba 2022 kwa injini iliyotoka Ukraine. Marekani ilirusha mbili za namna hiyo mwaka 2025, zikikusudiwa kuruka bega kwa bega na ndege zenye marubani. Bila rubani hakuna kiti cha kujirushia, hakuna oksijeni, na injini haihitaji kudumu maelfu ya saa; inatosha idumu mamia. Ndege nyepesi ya kesho inarudi pale Viper ilipozaliwa: injini nafuu kwa chombo kinachoruhusiwa kupotea. Kongo imekwisha kuonja mwelekeo huo kwa kununua droni za CH-4 kutoka China.

Hata hivyo droni haifuti hesabu. Bado inahitaji rada ya kuona kinachokuja, mafuta yaliyopanda mto, mafundi wanaolipwa kila mwezi, na injini ambayo muuzaji anaweza kuizuia siku atakapokasirika. Ndiyo maana mjadala wa ndege gani inunuliwe unaanzia mwisho. Mwanzo ni shule ya mafundi wa injini za ndege na kiwanda cha kusafisha kobalti hadi kiwango cha aloi, vitu vya gharama inayofikika kwa nchi hii, na vinachukua miaka isiyozidi ile ambayo India iliitumia kwa Tejas. Nchi ikiwa navyo, itakaa mezani na waunda injini ikiwa na cha kutoa na cha kudai. Ikivikosa, itaendelea kuuza udongo na kununua ndege ambazo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.