FEDHA ILIYOIBWA KWA SIMU: SHERIA YATUPA MILANGO GANI?



Tangu zamani mkulima wa karafuu aliwaogopa wezi wawili: yule apandaye mkarafuu wa mwenziwe usiku, na yule achotaye karafuu majamvini wakati mwenyewe yumo kuswali. Siku hizi pana mwizi wa tatu. Huyu hapandi mti wala hafiki shambani. Hupiga simu tu, na fedha ya mchumo mzima huondoka kabla hata vibarua hawajalipwa.

Wanachama kadhaa wametuuliza: mtu akisha kutapeliwa kwa simu au kwa mtandao, je, iko njia ya sheria ya kuirudisha fedha yake? Jawabu ni kuwa njia iko, tena zaidi ya moja. Lakini kila mlango una kazi yake, na mwenye kubisha usiomhusu atachoka bure. Yafaa basi tuieleze milango hiyo mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza: aliyeipitisha fedha

Fedha ya simu hupita katika kampuni ya simu, na ya benki hupita katika benki. Maadamu haijatolewa kwa wakala, yumkini ikazuiliwa pale ilipo. Kwa hivyo kazi ya kwanza si kwenda mahakamani wala kwa jamaa, bali ni kuipigia kampuni yako saa ile ile, kwa nambari 100, au kuiarifu benki. Taja kiasi, saa, nambari uliyoitumia, na nambari ya muamala iliyomo katika ujumbe. Usikae kumbembeleza tapeli, wala usingoje kupambazuke. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni fedha uliyoituma mwenyewe kwa kudanganywa, kama vile kwa ule ujumbe mashuhuri wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". La pili ni fedha iliyoondoka bila ya wewe kuiruhusu. Kwa mfano, mtu mwingine amekwenda kuichukua upya laini yako kwa jina lako, akaingia katika akiba yako. Katika hili la pili waweza kuidai kampuni au benki yenyewe, kwa hoja kwamba haikumhakiki mtu kama ipasavyo. Katika lile la kwanza dai lako juu yao ni dhaifu, na aliyetoa nambari yake ya siri kwa mdomo wake dai lake ni dhaifu pia. Lakini udhaifu huo haumfanyi tapeli kuwa hana hatia.

Ikiwa kampuni au benki haikukupa jawabu la kuridhisha, lalamiko la fedha lapelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja, na lalamiko la laini lapelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Lakini sharti uwe umeanza na kampuni au benki yenyewe. Na nambari ya tapeli itume kwa 15040, ili ipate kufungwa asije akamwibia mwingine.

Mlango wa pili: Polisi

Siku hiyo hiyo nenda kituo cha Polisi kilicho karibu nawe, ukaandikishe shauri na upewe nambari ya RB. Wako wasemao kuwa Polisi hawawezi kitu kwa kuwa tapeli hana sura. Si kweli. Kila laini yatakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na tangu Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Ni kweli kwamba matapeli husajili laini kwa majina ya watu wengine, lakini wakala aliyetoa fedha, na pahala ilipotolewa, huacha nyayo. Kampuni haitakupa wewe jina la mwenye nambari. Polisi ndio wenye uwezo wa kisheria wa kulidai, na hii ndiyo sababu kubwa ya kutoupita mlango huu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yatumika Bara na Zanzibar. Udanganyifu wa namna hii adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au mara tatu ya alichojipatia mkosaji, kwa kutazama kipi ni kikubwa. Au kifungo kisichopungua miaka 7. Au vyote viwili.

Lakini sikilizeni vyema: faini huingia katika hazina ya Serikali, haiingii mfukoni mwako. Mtu aweza kufungwa miaka 7 nawe usione hata senti. Kwa hivyo mwambie mapema mwendesha mashtaka kwamba wataka fidia, nawe umkabidhi hesabu kamili ya ulichopoteza, kwani mahakama ikimtia mtu hatiani ina uwezo wa kumwamuru amlipe aliyemdhulumu.

Mlango wa tatu: kesi ya madai

Hii ni kesi yako mwenyewe, si ya Serikali. Faida yake ni kwamba ushahidi hautakiwi kuwa mzito kama wa jinai. Yatosha uonyeshe kuwa madai yako yana nguvu kuliko majibu yake. Taabu yake ni kwamba wapaswa kumjua unayemshitaki, na yeye awe na mali ya kukulipa. Hukumu juu ya mtu asiye na kitu ni karatasi tu. Basi kabla ya kutoa ada, uliza kwanza: ni nani, yuko wapi, ana nini? Mahakama ya Kadhi si pahala pa shauri hili. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi Chake Chake pia, na katika shehia nyingi wapo wasaidizi wa sheria.

Mlango wa uwongo

Uko mlango wa nne, nao ni shimo. Mtu aliyekwisha kuibiwa hupigiwa simu na mwingine ajiitaye wakili, au ofisa, au fundi wa mitambo, akimwambia fedha yake imeonekana, ila atangulize kidogo ya kuifungulia. Mara nyingi huyo ni yule yule mwizi, au mshirika wake aliyeuziwa nambari yako. Kuandikisha shauri Polisi hakulipiwi, wala kampuni yako haidai ada kwa simu ili ikurudishie chako.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila fedha iliyoibwa itarudi. Iliyokwisha kutolewa na kugawanywa hurudi kwa nadra. Lakini ajuaye mlango gani aubishe, na lini, ana tamaa ambayo mwenziwe aliyenyamaza kwa haya hana. Wengi hunyamaza wakiona aibu kudanganywa. Aibu ni ya mwizi.

Mwisho, usifute ujumbe wowote. Piga picha ya kila ulichoandikiwa, na uandike katika daftari saa, nambari na kiasi. Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama atakayetaka kusaidiwa kuandika barua ya malalamiko na aje ofisini na simu yake; barua tutaiandika pamoja.

Katibu